Uko Wapi Mstari Usionyunyiziwa?

Ukitoka mjini Thika kuelekea mashariki, ukayapita mashamba makubwa ya mananasi na kushuka Gatuanyaga, Munyu na Ngoliba, hewa hubadilika kabla ya udongo kubadilika. Kijani cha vilima vya Gatundu hubaki nyuma, upepo huwa mkavu, na mkulima wa huko haulizi tu mvua itanyesha lini, bali huuliza pia itakatika lini. Swali hili la pili ndilo lenye uchungu. Mvua ikichelewa, mbegu ingali guniani na hasara haijatokea. Lakini mvua ikikatika wakati maharagwe yamo katika maua, basi mbegu, ujira wa palizi na matumaini ya miezi miwili huangamia pamoja. Wapo watu siku hizi walioutambua uchungu huo na kuufanya mtaji wa biashara. Watu hao huja na chupa.

Ndani ya chupa, kwa maneno yao, mna maji ya mwani wa bahari, au ya majani ya mlonge, au asidi zitokazo katika mboji, au vijidudu vya manufaa. Na kazi ya maji hayo ni kuupa mmea nguvu ya kustahimili ukame. Nataka msomaji anielewe tangu mwanzo. Sisemi kwamba maneno hayo ni uongo. Nasema kwamba hayajathibitishwa mbele ya mtu anayetakiwa kuyalipia, katika udongo wake na kwa mbegu yake, na kwamba ni dhuluma kumtaka alipe kabla ya kuthibitishiwa. Nasema tena kwamba shule, mahali ambapo uthibitisho huo ungeweza kufanywa kwa gharama ndogo kabisa, zimeachwa kando kana kwamba elimu na shamba ni vitu viwili visivyojuana.

Tuanze na jina, maana jina baya huleta fikira mbaya. Kwetu kila kinachopita katika pampu ya mgongoni huitwa dawa. Kiuacho wadudu ni dawa, kizuiacho ukungu ni dawa, na mbolea ya maji inayonyunyizwa juu ya majani nayo ni dawa. Kitu ninachokisema hapa si dawa, kwa kuwa hakiui chochote. Wala si mbolea, kwa kuwa chakula cha mmea kilichomo ni kidogo mno. Umoja wa Ulaya ulikitungia maana katika sheria yake nambari 1009 ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika kwa ukamilifu Julai 2022: ni kitu kinachoamsha kazi za ndani za mmea, bila kujali chakula kilichomo, ili mmea utumie vizuri chakula ulicho nacho au ustahimili mashaka kama ukame, joto na chumvi. Nitakiita kichocheo cha asili. Mkulima akijua kwamba amenunua kichocheo, hatatazamia kifanye kazi ya samadi, na wala hatatazamia kifanye kazi ya mvua.

Na sababu ya kutazamia kitu fulani kutoka kwake ipo. Mmea wa maharagwe ukikosa maji hufunga vitundu vidogo sana vilivyo katika majani yake ili usipoteze unyevu. Lakini vitundu hivyo hivyo ndivyo unavyovutia hewa ya ukaa ya kujitengenezea chakula. Basi mmea unaojiokoa na kiu hujitia katika njaa. Jua nalo haliachi kuwaka. Nguvu ya mwanga isiyopata kazi ya kufanya huzaa ndani ya jani chembe kali za oksijeni, na chembe hizo huunguza jani kwa ndani. Maua hupukutika, na maganda machache yanayobaki huwa na punje nyembamba. Chini ya ardhi kuna msiba mwingine usioonekana. Katika mizizi ya jamii ya kunde mna vinundu, na ndani ya vinundu wanakaa bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani, ambayo ni kama sehemu 78 katika kila sehemu 100 za hewa tuivutayo, na kuigeuza chakula cha mmea. Vinundu hivyo ni vyepesi kudhurika. Mara nyingi hupunguza kazi yao kwa ukame kabla jani halijaonyesha dalili ya kunyauka. Mtu hutazama shamba la kijani na kushukuru, kumbe chini kiwanda kimekwisha kufungwa.

Vichocheo vya asili huahidi kuingia katika pengo hilo. Majani machanga ya mlonge yana zeatini, ambayo ni homoni inayochelewesha jani kuzeeka, na yana vitu kama vitamini C vinavyozituliza zile chembe kali za oksijeni. Wachunguzi wengi huyatwanga majani hayo pamoja na maji kidogo, huyachuja, na kuchanganya sehemu 1 ya maji yake na sehemu 30 za maji safi, kisha hunyunyiza. Hiki ni kichocheo ambacho mtu mwenye mlonge nyuma ya nyumba anaweza kukitengeneza asubuhi na kukitumia siku ile ile, na ni vema akitumie siku ile ile, kwa maana huchacha upesi. Mwani nao una historia ndefu kuliko hiyo. Mwani wa kahawia wa bahari baridi ya Atlantiki ya kaskazini ndio uliochunguzwa kuliko wote, lakini hata bahari yetu inao wa namna yake. Huko Paje na Jambiani, katika Unguja, wanawake wamelima mwani tangu mwaka 1989, na wenzao wa Kibuyuni katika Kwale hufanya vivyo hivyo. Sehemu kubwa hukaushwa na kusafirishwa ng'ambo ili kutolewa karajinani ya kuzitia vyakula uzito. Wahindi wanaukamua mwani wa jamii hiyo hiyo ungali mbichi, na maji yake wanayapima juu ya mimea ya nafaka na ya kunde. Sioni kwa nini mkulima wa Gatuanyaga auziwe maji ya mwani kutoka mabara ya mbali ilhali mwani wa Kwale unapita mbele yake katika magunia kwenda nchi za watu. Lakini hilo ni neno la pembeni.

Katika vichocheo vyenye uhai, mkongwe ni chanjo ya vinundu, yaani bakteria waliokuzwa makusudi ili wapakwe juu ya mbegu. Wajerumani waliiuza chanjo ya kwanza mwaka 1896, miaka michache tu baada ya wataalamu wao kueleza siri ya vinundu. Kenya haikubaki nyuma sana: chanjo iitwayo Biofix ilitokana na kazi ya wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete. Pamoja na bakteria wako kuvu wa mizizi, ambao nyuzi zao nyembamba kuliko unywele huingia katika nyufa za udongo ambazo mzizi hauwezi kuzipenya, na kurudi na maji na fosforasi.

Hayo yote ni ya kweli, na yeyote anayeyakana kwa sababu tu yanatoka katika majani ya mlonge hana hoja. Wapo wasomi wetu wa namna hiyo. Kitu kikija katika mfuko wenye maandishi ya kigeni hukiita sayansi; kikitwangwa kinuni hukiita ushirikina. Hao sina haja ya kukaa nao sana, maana ubishi wao utakwisha siku watakapopima. Ugomvi wangu mkubwa ni na upande wa pili, wale wanaoruka kutoka «kitu hiki kinaweza kusaidia» hadi «nunua chupa tatu», na katikati hawakanyagi chini.

Nilikuwapo katika baraza moja ambapo kijana mtanashati, mwenye fulana ya kampuni, alisimama na picha mbili kubwa. Katika ya kwanza maharagwe yalikuwa manjano na dhaifu. Katika ya pili yalikuwa yamefunga shamba kwa ukijani. Alisema ya kwanza hayakutumia chupa yake na ya pili yalitumia. Watu walipiga makofi. Mama mmoja mzee, aliyekuwa ameketi mbele juu ya kipande cha gunia, akainua mkono.

«Kijana wangu,» akasema, «haya mazuri nimeyaona. Lakini katika shamba hili zuri, uko wapi mstari usionyunyiziwa?»

«Nyanya,» akajibu yule kijana kwa adabu, «nani atakayenyima sehemu ya shamba lake dawa nzuri, aione ikifa?»

«Basi umejuaje kwamba ingekufa?»

Watu walicheka, na nadhani wengi walidhani mzee wa watu hakuelewa. Chupa zikauzwa. Kwa hukumu yangu, katika baraza lile hakuna aliyesema neno la kitaalamu isipokuwa mama yule.

Tafakari picha zile mbili. Zilipigwa katika mashamba mawili. Mashamba mawili yana udongo mbalimbali, huenda mbegu mbalimbali, na kwa hakika yalipandwa siku mbalimbali. Katika nchi kavu kama yetu, aliyepanda wiki moja mapema, mara mvua ilipoanza, na aliyengoja kukodi ng'ombe wa jirani, watavuna mavuno yasiyofanana hata kama wote wawili hawajui kichocheo ni kitu gani. Upande huu wa Kilimambogo mvua huweza kunyesha kilima hiki na kuruka kile. Mmoja alitia samadi mwaka jana, mwenzake akauza samadi yake. Sababu zote hizo zimefichwa nyuma ya picha, na muuzaji amechagua moja, ile anayoiuza, na kuitwisha utukufu wote.

Dawa ya udanganyifu huu ilipatikana zamani, na haihitaji chombo chochote cha gharama. Mwaka 1843, huko Rothamsted katika Uingereza, John Lawes na Joseph Gilbert walianza kuchunguza mbolea juu ya ngano katika shamba liitwalo Broadbalk. Sehemu moja walitia samadi, nyingine mbolea za namna hii na ile, na sehemu moja hawakutia kitu. Sehemu hiyo haijatiwa mbolea wala samadi tangu mwaka ule hadi leo. Ni ukanda wa ngano dhaifu, wa kuonea huruma. Lakini bila ukanda huo maskini, kanda zote zenye neema zisingekuwa na la kusema. Mwaka 1919 akaja hapo Ronald Fisher, mtu wa hesabu, akaongeza mambo mawili: jaribio lirudiwe katika vitalu kadhaa, wala si kimoja, na kitalu kipi kipate nini kiamuliwe kwa kura, ili mchunguzi asiweze kumpendelea mpenzi wake kwa kumpa udongo mzuri. Mama wa barazani hakusoma habari za Fisher. Alifika kwenye jambo lile lile kwa akili ya mtu aliyewahi kupoteza shamba.

Je, tukipima kwa njia hiyo, chupa hushinda? Jambo hili limekwisha kuulizwa hapa kwetu. Kuanzia mwaka 2009 wataalamu walikusanya zaidi ya bidhaa 100 za namna hii zilizokuwa zikiuzwa Kenya, Ethiopia na Nigeria, wakazipima katika maabara, katika vyungu na katika mashamba. Chache tu zilionyesha faida ya kutegemewa. Miongoni mwa hizo chache ilikuwamo chanjo ya bakteria kwa maharagwe ya soya. Nyingi za nyingine hazikuonyesha tofauti yoyote yenye maana. Msomaji asipite haraka juu ya habari hii. Maana yake si kwamba vichocheo ni hila. Maana yake ni kwamba jina «kichocheo cha asili» juu ya chupa halimwambii mnunuzi lolote, kwa kuwa chini ya jina hilo moja wamekaa mkweli na mwongo, na wote wawili wana picha za kijani.

Tena kumbukeni yaliyotokea mwaka 2024. Mifuko iliyouzwa kwa wakulima wa Kenya kwa bei ya ruzuku ya serikali, imeandikwa mbolea, iligunduliwa kuwa haikuwa mbolea. Shauri hilo lilifika Bungeni. Waziri wa Kilimo wa wakati ule akafunguliwa hoja ya kuondolewa, kisha kamati teule ikaamua kwamba mashtaka dhidi yake hayakuthibitika. Mbolea ni kitu chepesi kupima: hupelekwa maabara, ikaonekana ina naitrojeni kiasi gani na fosforasi kiasi gani. Ikiwa kitu chepesi kupima kiliweza kupita hadi katika ghala za umma, kitu kigumu kupima kitazuiwa na nani? Kichocheo hakipimwi kwa yale yaliyomo tu. Hupimwa kwa yale yanayotendeka shambani, na shambani hakuna afisa anayesimama kutazama. India, baada ya kuviacha vichocheo viuzwe ovyo kwa miaka mingi, iliviingiza katika amri yake ya mbolea mwaka 2021 na kudai ushahidi wa majaribio. Kenya nayo inapaswa kudai zaidi ya karatasi iliyopigwa muhuri ng'ambo. Idai jaribio la misimu miwili katika nchi kavu ya Kenya, pamoja na mstari usionyunyiziwa, na matokeo yaandikwe juu ya chupa kwa lugha anayoisoma mkulima.

Huniambia wengine: «Mwalimu, mambo haya ya vitalu na kura ni ya watu walioshiba. Mkulima mwenye nusu eka na watoto watano hawezi kungoja misimu miwili. Mpe kitu leo.» Naijua hoja hii, na najua kwamba wengi huisema kwa huruma ya kweli. Lakini itazameni vizuri, mtaona kwamba imepinda. Ni nani asiyeweza kustahimili hasara? Ni tajiri mwenye eka 200, au ni huyo mwenye nusu eka? Tajiri akinunua chupa isiyofaa amepoteza chupa. Maskini akinunua chupa isiyofaa amepoteza fedha za mbegu, na pengine, kwa kuiamini, ameacha kutia samadi na kutandaza majani makavu shambani, mambo ambayo yangemwokoa. Ndiyo kusema kwamba mtu anayemhitaji zaidi mpimaji ni maskini.

Wengine husema: «Ni vya asili, havidhuru.» Mbigili ni wa asili, na sumu ya nyoka ni ya asili. Lakini tuache mzaha. Hata kama maji ya mlonge hayawezi kumdhuru mtu, yakikolezwa kupita kiasi yanaweza kuudhuru mche mchanga. Na kuna dhara nyingine, ya kuchukua nafasi ya jambo lililo bora. Juu ya dhara hii nitakaa kidogo, kwa maana hapa ndipo shina la shauri.

Mlima wa Kilimambogo, unaoonekana wazi kutoka Gatuanyaga, Wakikuyu wa zamani waliuita Kĩa-Njahĩ. Njahĩ ni jina la msimu wa mvua ndefu. Njahĩ pia ni jina la kunde nyeusi yenye kope nyeupe, fiwi kwa watu wa pwani, iliyopikiwa mama aliyejifungua. Watu wale, basi, waliliweka jina moja juu ya mvua, mmea na mlima. Walijua kwamba shauri la ukame huanza na kuchagua mmea unaolingana na mvua yako. Njahi ina mizizi inayozama; ikishashika ardhi hungoja mvua kwa subira ambayo haragwe halina. Mbaazi humshinda hata njahi kwa kina cha mizizi, na kunde huvumilia joto ambalo huangusha maua ya maharagwe. Kisha zikaja nyakati za ukoloni, na soko na Idara ya Kilimo vikasukuma mbele maharagwe mageni yenye punje za kupendeza wanunuzi, na njahi ikarudi nyuma, ikawa chakula cha sherehe. Siwalaumu wanaolima maharagwe leo; yanaiva mapema na watoto huyapenda. Nasema tu kwamba mtu aliyeacha mmea unaostahimili ukame, akapanda usiostahimili, kisha akanunua chupa ili usiostahimili uwe kama unaostahimili, amezunguka njia ndefu.

Na hata kwa maharagwe yenyewe kazi kubwa imekwisha kufanywa, tena karibu nasi mno. Katika miaka ya 1970 mpango wa utafiti wa kunde ulikuwa na makao yake katika kituo cha Thika, ambacho sasa ni cha KALRO, na humo zilichambuliwa na kusafishwa mbegu kama Mwezi Moja na Mwitemania, zinazofaa mahali penye mvua haba. Katumani, karibu na Machakos, walitoa mbegu kama KAT B1, ambayo hukomaa kwa muda wa siku 60 hadi 65 hivi. Mmea unaomaliza kazi yake kabla mvua haijakatika hauhitaji kustahimili sana. Ukimbiaji huo ni kinga kubwa kuliko kichocheo chochote ninachokijua, na umo ndani ya punje.

Baada ya mbegu ni udongo. Udongo wenye mboji hushika maji ya mvua moja na kuyatoa kidogo kidogo kwa siku nyingi. Udongo mtupu huyaachia jua siku ile ile. Hapa hasira yangu huwa ya haki kabisa. Kila siku masoko ya mji wa Thika hutoa maganda, majani ya kabichi, matunda yaliyooza na mabua ya kila namna, na mengi ya hayo hubebwa kwa malori kwenda kutupwa katika jaa la Kang'oki, ambako hufuka moshi na kuleta ugonjwa. Si mbali na jaa hilo, mkulima analima udongo uliochoka na kuuziwa asidi ya mboji katika chupa ya nusu lita. Mboji yenyewe inateketea mbele ya macho yake. Kaunti ya Kiambu ingetenganisha takataka za sokoni na za plastiki, ikazioza vizuri na kuwauzia wakulima kwa bei ya usafiri, ingefanya jambo la maana zaidi kwa maharagwe ya Gatuanyaga kuliko maonyesho kumi ya chupa.

Kichocheo, basi, mahali pake ni baada ya hayo: mbegu ifaayo, kupanda na mvua ya kwanza, mboji, matandazo, palizi ya wakati. Mwenye kuyafanya hayo yote na bado akapata jua kali la majuma mawili katika maua, huyo ndiye ambaye maji ya mlonge au ya mwani yanaweza kumwongezea debe. Je, yatamwongezea? Hapo turudi kwa mama wa barazani, na hapo ndipo ninapoidai shule.

Vilabu vya 4-K vilifufuliwa katika shule za Kenya mwaka 2021, na kilimo kinafundishwa. Bustani nyingi za shule, hata hivyo, hulimwa ili zionekane na wageni. Sukumawiki hupangwa kando ya lango na chokaa hupakwa mawe. Ningependa kuona katika kila shule ya upande huu wa Thika vitalu 8 vya maharagwe, kila kimoja hatua 4 kwa hatua 4, mbegu moja, siku moja ya kupanda. Wanafunzi waandike nambari katika vipande vya karatasi, wavitie katika kofia, wapige kura: vitalu 4 vipate maji ya mlonge, vitalu 4 vipate maji matupu. Nasema maji matupu, wala si kuachwa hivi hivi, maana hata maji yanayoangukia jani wakati wa kiu ni msaada, na tusije tukampa mlonge sifa za maji. Mama wa barazani hatakasirika kwa marekebisho hayo madogo.

Wakati wa maua, wang'oe taratibu mche mmoja kutoka kila kitalu, wahesabu vinundu na kuvipasua kwa ukucha. Kinundu chenye rangi ya waridi au nyekundu kwa ndani kinafanya kazi; cha kijivu au kijani kimekoma. Mtoto aliyekiona kinundu chekundu kwa macho yake hataisahau naitrojeni, hata kama atasahau kila kitu nilichomwandikia ubaoni. Mwishoni mavuno yakaushwe na kupimwa kwa mizani, kitalu kwa kitalu, na nambari zote ziandikwe, zile zinazotupendeza na zile zinazotuudhi. Likizo itaingilia kati, naam. Mvua haifuati ratiba ya wizara. Wanafunzi wanaokaa karibu wapewe zamu, na shauri hilo limekwisha. Mvua za vuli zikija, jaribio lirudiwe, na ukame ukija katikati usihesabiwe kuwa balaa la jaribio, kwa maana ndio tuliokuwa tukiungoja.

Nambari hizo zibandikwe katika mlango wa ofisi ya chifu na katika duka la pembejeo, palipobandikwa sasa picha za kijani. Na yule kijana mwenye fulana ya kampuni akirudi, asifukuzwe wala asizomewe. Apewe vitalu vinne vya chupa yake na vinne vya maji matupu, kura ipigwe mbele yake, na yule mama mzee awekewe kiti ashike mizani.